Kabla ya kushika pampu ya dawa, mjue kipepeo wa bustani yako

Msomaji, huenda wewe ni miongoni mwa wale wanaofanya kazi mjini lakini roho zao zimebaki kijijini. Likizo ya Disemba ikifika unafunga safari. Tuseme kwenu ni Magunga, katika nchi ya Gwassi, kaunti ya Homa Bay, mahali ambapo milima iko nyuma yako na Ziwa Victoria liko mbele yako. Unawapelekea wazazi sukari, majani ya chai na sabuni. Siku hizi kuna kitu kingine ambacho hakikosi katika mizigo ya wengi: chupa ya dawa ya wadudu. Mama amelalamika kwa simu kwamba viwavi wanamaliza mboga nyuma ya jikoni, na mtoto mwema hawezi kwenda mikono mitupu.

Swali ambalo ni wachache wanaouliza ni hili: ni viwavi gani? Wanakula mmea gani? Mama yao ni nani? Mtu asiyejua majibu hujaza pampu na kunyunyizia kila kitu, kuanzia sukuma wiki hadi mchungwa. Baada ya siku mbili mboga hizo hizo huchumwa, hukatwa na kutiwa sufuriani. Adui aliyekusudiwa pengine hakuwepo kabisa, lakini sumu imefika mezani.

Leo tunaeleza kazi ndogo inayoweza kufanywa na mtu yeyote mwenye macho, daftari na robo saa kwa wiki. Ni kazi ya kuwatambua vipepeo wanaozuru bustani ya nyumbani na kuwaandika. Utaona kwamba si mchezo wa watoto wala anasa ya wazungu. Ni njia mojawapo ya kulinda afya ya nyumba.

Kipepeo na nondo

Kipepeo hupitia hatua nne: yai, kiwavi, pupa, kisha kipepeo kamili. Katika hatua zote hizo, anayetafuna majani ni kiwavi peke yake. Kipepeo mzima hana meno. Ana mrija mrefu ulioviringwa chini ya kichwa, ambao huunyoosha ili kunyonya maji matamu ya maua, maji ya matope au utomvu wa matunda yaliyooza. Kwa hivyo kipepeo unayemwona akiruka juu ya sukuma wiki zako hazili. Ama anapita, ama anatafuta ua, ama anatafuta mmea wa kutagia mayai.

Na hapo ndipo siri ilipo. Kipepeo jike hatagi ovyo. Kila aina ina mimea yake michache ambayo watoto wake wanaweza kula. Ukiujua mmea, umekaribia kulijua jina la kiwavi. Ukimjua kipepeo, unajua mmea wa kukagua.

Nondo ni ndugu wa kipepeo, na wengi huwachanganya. Tazama vipapasio vilivyo kichwani: vya kipepeo ni vyembamba na vina kifundo nchani, kama njiti ya kiberiti. Vya nondo vingi ni kama uzi mtupu au kama unyoya. Kipepeo huruka mchana, na akitua mara nyingi husimamisha mabawa yake yakabanana juu ya mgongo. Nondo wengi huruka usiku, na wakitua hulaza mabawa kama paa la nyumba.

Tofauti hii ina maana kubwa jikoni. Wengi wa viwavi wanaosumbua mkulima mdogo ni watoto wa nondo. Viwavijeshi vamizi walioingia Kenya mwaka 2017 na kuteketeza mahindi ni watoto wa nondo. Viwavi wadogo wa kijani wanaotoboa sukuma wiki na kabichi, mara nyingi ni watoto wa nondo mdogo wa kijivu mwenye alama kama almasi mgongoni anapokunja mabawa. Kipepeo anayepepea mchana huhukumiwa kwa kosa la jamaa yake wa usiku.

Wageni utakaowaona

Kenya ina karibu aina 900 za vipepeo. Usishtuke. Katika bustani ya kawaida ukianza na hawa wachache, umepata msingi.

Kipepeo wa michungwa. Ni mkubwa, mweusi, mwenye madoa mengi ya manjano hafifu. Jike hutaga yai moja moja juu ya majani machanga ya mchungwa, mlimau au mndimu. Kiwavi mchanga hufanana na kinyesi cha ndege, na hivyo ndivyo anavyowadanganya ndege wasimle. Akikua hugeuka kijani. Ukimgusa hutoa pembe mbili laini za rangi ya machungwa zenye harufu kali. Usiogope, hana madhara kwa binadamu. Mti mkubwa humvumilia bila shida. Mche mdogo ndio unaoweza kuvuliwa majani yote, na hapo dawa yake ni vidole vyako viwili tu.

Kipepeo wa viazi vitamu. Huyu ni mdogo, wa rangi ya machungwa yenye kingo nyeusi. Msomaji wa Nyanza amjue vizuri, kwa maana viazi vitamu ni chakula cha watu huko na kiwavi wake hula majani ya viazi, hasa wakati wa kiangazi. Mayai hutagwa kwa makundi. Viwavi wachanga hukaa pamoja ndani ya utando wa nyuzi juu ya jani, na wakikua hutawanyika na kujificha chini mchana. Mwenye kukagua mapema hukata majani yale yenye utando na kuyaangamiza, na kundi zima limekwisha bila tone la dawa. Mwenye kuchelewa hubaki akikimbizana nao shamba zima.

Kipepeo mfalme wa Afrika. Ana rangi ya machungwa, na ncha za mabawa ya mbele kwa kawaida ni nyeusi zenye mkanda mweupe. Huruka polepole kama mtu asiye na hofu, na kweli hana hofu. Kiwavi wake hula magugu yenye utomvu mweupe kama maziwa, na sumu ya utomvu ule hubaki mwilini mwake, hivyo ndege wakishamwonja mara moja hawarudii. Hali mboga yoyote yako. Lakini angalia: yupo kipepeo mwingine ambaye jike wake amejifananisha naye ili naye aogopwe. Watenganishe kwa bawa la nyuma. Mfalme wa kweli ana madoa meusi matatu au manne katikati ya bawa. Mwigaji ana doa moja tu, karibu na ukingo wa mbele. Dume la mwigaji ni jeusi lenye mabaka makubwa meupe, wala hafanani na mkewe hata kidogo.

Mhamaji mweupe. Ni mweupe wa kijani kibichi hafifu au wa manjano, mwenye mbio. Kiwavi wake hula miti ya jamii ya kasia yenye maua ya njano, ile inayopandwa kandokando ya nyua. Vipepeo weupe wenye mishipa ya kahawia nao hupita kwa maelfu katika misimu mingine, wote wakielekea upande mmoja. Ukiwaona, andika tarehe na upande wanakoelekea.

Kipepeo mdogo wa kunde. Ni wa buluu ya zambarau, si mkubwa kuliko ukucha wa kidole gumba, mwenye vimkia viwili vyembamba kama nywele. Kiwavi wake huingia ndani ya maganda ya kunde, njegere na mitoo. Huyu ni mharibifu kidogo, basi kagua maganda.

Kipepeo wa ardhini. Ni mweusi mwenye duara la buluu ya kung'aa kwenye kila bawa la nyuma. Hupenda kutua juu ya udongo mtupu uani, mabawa wazi, akiota jua. Hana ugomvi na mboga zako.

Hayo ni majina tuliyoyatoa kwa sura na mimea yao, nawe unaweza kutumia yale ya lugha ya nyumbani. La muhimu ni kwamba jina moja litumike kwa kipepeo yule yule kila mara.

Namna ya kuandika

Chagua njia moja ya kupita katika bustani, tuseme kutoka mlango wa jikoni, kupitia mboga, viazi na michungwa hadi langoni. Njia hiyo isibadilike. Pita mara moja kwa wiki, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, siku yenye jua na upepo mdogo. Tembea taratibu kwa dakika 15. Vipepeo huhitaji joto la jua ili waruke, hivyo ukipita alfajiri au wakati wa manyunyu utadhani wametoweka.

Chora safu sita katika daftari: tarehe na saa, hali ya hewa, kipepeo, idadi, anafanya nini na juu ya mmea gani, na ya mwisho, dawa. Safu hiyo ya mwisho ndiyo inayolifanya daftari hili kuwa la afya. Andika dawa gani ilinyunyizwa, siku gani na juu ya mmea upi, hata kama aliyenyunyiza ni jirani.

Kwa mfano, ukurasa mmoja unaweza kusomeka hivi: "Jumamosi, saa nne na nusu. Jua, mvua ilinyesha jana. Kipepeo wa michungwa 2, mmoja anataga kwenye mche wa mlimau. Kipepeo wa viazi 6, wanazunguka juu ya viazi. Majani matatu yenye utando yamekatwa na kuchomwa. Dawa: hakuna."

Usihesabu kipepeo mmoja mara kumi. Kwa kila aina, andika idadi kubwa kabisa uliyoiona kwa wakati mmoja. Usiyemjua mwandike "simjui" na umchore: ukubwa, rangi ya juu, rangi ya chini ya mabawa, mkia upo au haupo. Mwenye simu ya kamera apige picha mbili, mabawa yakiwa wazi na yakiwa yamefungwa, maana upande wa chini ndio mara nyingi unaotaja jina. Picha hizo unaweza kuziweka katika programu ya simu iitwayo iNaturalist, ambapo watu wenye ujuzi husaidia kutambua. Anayependa vitabu atafute kile cha Torben Larsen kuhusu vipepeo wa Kenya, kilichotolewa mwaka 1991.

Hakuna haja ya kuwaua wala kuwachoma pini. Na kama unatembelea Mbuga ya Taifa ya Ruma iliyo bondeni Lambwe, kumbuka ni hifadhi: macho na kamera vinatosha, wavu uache nyumbani.

Kazi hii wape watoto na wazee pia. Mtoto hujifunza kuhesabu na kuangalia kwa makini. Mzee anayeshinda kitini hupata sababu ya kunyoosha miguu, naye daktari aliyemwambia atembee atafurahi.

Daftari linakwambia nini

Baada ya miezi miwili au mitatu, soma kurasa zako kwa mpangilio. Kwanza utajua ni mimea ipi hasa inayoshambuliwa na lini. Ukimwona kipepeo wa viazi akizungukazunguka juu ya matuta, unajua wiki hiyo ni ya kupekua majani. Ukiona sukuma wiki zina matundu ilhali hakuna kipepeo yeyote anayetaga pale, mshuku nondo, geuza majani, toa viwavi kwa mkono.

Pili, utaona dawa inavyofanya kazi isiyokusudiwa. Dawa nyingi za wadudu hazichagui. Huua kiwavi, kipepeo, nyuki anayechavusha maboga na maharagwe, na hata manyigu wadogo wanaokula viwavi kwa niaba yako. Kama idadi ilikuwa nzuri, kisha jirani akanyunyizia nyanya zake na wiki hiyo uani kwako pakawa kimya ilhali jua ni lile lile, jiulize: je, upepo ulileta nini? Kama ulifika kwa vipepeo, umefika pia kwenye mboga, kwenye nguo zilizoanikwa na kwenye mtungi usiofunikwa.

Lakini tusiharakishe kuhukumu. Vipepeo hupungua wenyewe wakati wa ukame na huongezeka baada ya mvua. Ndiyo maana tunaandika hali ya hewa. Linganisha wiki ya jua na wiki ya jua, msimu na msimu. Daftari si hakimu, ni shahidi. Linakupa sababu ya kwenda kuzungumza na jirani kwa upole, ukiwa na tarehe mkononi.

Kama ni lazima kunyunyiza

Hatusemi dawa haina mahali pake. Tunasema isiwe ya kwanza. Wakulima wa mahindi karibu na Magunga wana bahati, kwa kuwa kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kiko Mbita. Huko, miaka ya 1990, wataalamu waliiendeleza mbinu ya kusukuma na kuvuta: desmodiamu hupandwa katikati ya mahindi kuwafukuza nondo na kuzuia gugu la kayongo, na nyasi za mabingobingo hupandwa kandokando kuwavuta nondo huko.

Ikibidi dawa, soma kibandiko. Utepe wa rangi ulio chini yake unaeleza ukali: nyekundu ndiyo hatari zaidi, kisha njano, buluu na kijani. Tafuta palipoandikwa siku za kungoja kabla ya kuvuna, na uziheshimu. Kuosha mboga kwa maji yanayotiririka hupunguza sumu ya juu, lakini iliyokwisha kuingia ndani ya jani haioshwi. Nunua chupa iliyofungwa, kamwe usinunue dawa iliyomiminwa katika chupa ya soda. Nyunyiza jioni nyuki wakishalala, ukiwa umefunika mdomo, pua na mikono, huku watoto wakiwa mbali. Isiwekwe chini ya kitanda wala jikoni.

Dalili za kudhurika na sumu ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kutapika, kutokwa na mate na jasho jingi, kuona ukungu na kushindwa kupumua vizuri. Mtoe mgonjwa mahali hapo, mvue nguo zilizolowa, mwoshe kwa maji mengi na sabuni, mkimbize hospitalini pamoja na chupa ya dawa. Usimlazimishe kutapika. Na maziwa, ambayo wengi huamini ni kiboko ya sumu, si dawa yake; huo ni wakati unaopotea.

Tahadhari tatu za bustani

Ya kwanza ni viwavi wenye manyoya. Wengi wao ni watoto wa nondo, na manyoya yao huwasha vibaya. Mtoto akiwashwa, msimsugue. Ng'oa manyoya kwa utepe wa gundi, kisha osha kwa sabuni. Manyoya yakiingia jichoni, nenda hospitali. Ama ule unga wa mabawa ya kipepeo ambao watu husema hupofusha, ni magamba madogo tu. Ukiingia jichoni utakuwasha kama vumbi. Osha kwa maji safi.

Ya pili ni maji. Vipepeo hupenda kunyonya matope, na wengine huwategea beseni la maji. Usifanye hivyo. Ukanda wa ziwa una malaria nyingi, na mbu huhitaji wiki moja au mbili tu za maji yaliyotuama. Mwaga maji kidogo juu ya mchanga ulowe, yatosha.

Ya tatu ni lantana, ile yenye vishada vya maua ya rangi mchanganyiko. Vipepeo huipenda sana, lakini majani yake ni sumu kwa mifugo, na vichaka vyake vizito huwapa mbung'o kivuli. Katika miaka ya 1960 huko Nyanza, mbung'o wanaoeneza malale walikutwa wamejificha katika vichaka vya lantana karibu na nyumba za watu. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2025 kwamba malale si tatizo tena la afya ya umma nchini Kenya. Ushindi huo tusiuchezee kwa kuotesha vichaka mlangoni. Panda maua mengine, uyaache mbalimbali.

Basi, msomaji, safari ijayo ya kwenda nyumbani, badala ya chupa ya dawa, nunua daftari na kalamu. Kaa na mama chini ya mchungwa saa nne asubuhi, mwulize majina ya vipepeo anaowajua tangu utotoni, mwandike pamoja. Huenda mkagundua kwamba adui aliyekuwa akipigwa vita mwaka mzima hakuwa adui. Na jioni mkila mboga mtazila bila wasiwasi, mkijua nini kimepita juu yake.